MAJINA YA NJAA: SANAA WAKATI WA DHIKI

Tumefundishwa darasani kuwa majazi ni mbinu ya kumpa mhusika au kitu jina linaloafiki tabia zake. Wengi wetu hukimbilia riwaya kutafuta mifano. Mimi niliipata kwa susu, yaani nyanya yangu, kule Makueni.

Mwaka wa 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Mvua nayo ikakataa. Susu aliketi chini ya mwembe akisuka kiondo kisichokuwa na mnunuzi, maana watalii hawakuwepo. Nikamwuliza, "Susu, wamsukia nani na njaa hii?" Akacheka. "Mikono ikikaa bure, moyo huwaza mabaya. Hebu leta daftari." Basi akanitajia njaa za Ukambani, kila moja na jina lake.

Ya kwanza ni Ngomanisye, iliyoua watu wengi kati ya 1897 na 1900. Maana yake ni ile iliyofika kila mahali. Mtu wa Kitui hakuwa na pa kukimbilia.

Ya pili ni Ndeke, ya 1961. Ndeke ni ndege kwa Kikamba. Ukame ulifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, chakula kikaangushwa kutoka angani.

Ya tatu ni Nikwa Ngwete, ya 1984, yaani "nafa nikiwa nimeshika." Pesa zilikuwa mkononi lakini dukani hamna kitu, hadi mahindi ya manjano yalipoletwa kutoka ng'ambo. Hapa pana majazi na kinaya pia: mwenye pesa ndiye anayekufa njaa!

Mwaka wa 1985 wanamuziki wa Marekani waliimba "We Are the World" kuchangia wenye njaa wa Ethiopia. Walifanya vyema. Lakini waliwaimbia wengine. Watu wa Kitui na Makueni walijitungia wenyewe, tena kwa maneno mawili tu.

Je, jina lilimshibisha nani? Hakuna. Nilimwambia susu hivyo. Akanijibu kwamba aliyesahau Nikwa Ngwete huuza mahindi yote wakati wa mavuno. Kumbe jina ni onyo! Pia ni kalenda, kwani wazee wasioandikiwa tarehe walijua umri wao kwa njaa waliyozaliwa nayo.

Ukame ulioanza 2020 ulidumu hadi mapema 2023. Nimewauliza wenzangu wanauitaje, wakanyamaza. Jambo hilo ndilo linalonitia hofu. Tusipoupa jina, wajukuu wetu watauonea wapi?

ZOEZI
1. Eleza tofauti ya majazi na kinaya ukitumia jina Nikwa Ngwete.
2. Mwulize mzee wa kwenu jina moja la njaa na sababu yake.
3. Tunga jina la ukame wa 2020 hadi 2023. Lisizidi maneno mawili.