Somo la Vikundi: Nambari Chini ya Picha

Ndugu wanakikundi, wengi wenu mnaotengeneza batiki na kadi mnatuuliza: tuchape nakala ngapi?

Tumtazame Jacob Lawrence, mchoraji Mmarekani mweusi (1917–2000). Alisimulia hadithi kwa picha zinazofuatana, kila moja na maelezo yake mafupi. Mwaka 1941 alichora picha 22 za John Brown, mzungu aliyepigania watumwa akanyongwa mwaka 1859. Picha ya kwanza ni Kristo msalabani. Ya mwisho ni Brown kitanzini. Hata asiyejua kusoma anaelewa, si ndiyo?

Sasa, picha zile zikawa dhaifu mno kuonyeshwa. Kwa hiyo jumba la sanaa la Detroit linalozitunza likaagiza zichapwe, na mwaka 1977 zikatoka seti 60 zenye nambari. Kazi yenyewe mnaiweza: rangi inasukumwa kupitia kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu, kila rangi kwa zamu yake.

Nakala ikiandikwa 7/60, maana yake ni ya saba kati ya sitini. Hiyo ni ahadi kwa mnunuzi. Kikundi kimoja tulichokitembelea kiliandika 50, halafu kikaendelea kuchapa kimyakimya. Mteja wao mkubwa alizikuta kadi zile zile sokoni kwa nusu bei. Hakurudi.

Kwenye mkutano ujao jadilianeni: ni hadithi gani ya kijiji chenu inafaa kuchorwa? Na mkifika nambari ya mwisho, nani atazifuta zile fremu mbele ya wanachama wote?