SOMO LA MWEZI: SWETA LA MTUMBA NA MTOTO WA DARASA LA KWANZA



Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, mna habari za Dorkasi wa Yafa. Luka hakutuandikia neno hata moja lililotoka kinywani mwa mama huyu. Alituandikia tu kwamba Petro alipoitwa, wajane walimpokea kwa machozi, wakamwonyesha nguo ambazo marehemu alikuwa amewashonea. Yafaa tukitazame kitendo hicho: kushona. Kugawa nguo ni jambo jema, lakini anayeshona hana budi kwanza kumtazama yule atakayevaa, ampime bega na mkono.

Twasema haya kwa sababu kipupwe kinakaribia. Hapa Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kila mwaka kina mama wa parokia hukusanya masweta ya mitumba kwa ajili ya watoto wasio na kitu. Tangu biashara ya nguo za nje ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, masweta hayo hayajakosekana sokoni, na wazee bado wanalikumbuka jina lake la zamani, kafa ulaya. Shida ni kwamba mengi ni ya watu wazima. Tunampa mtoto wa miaka saba sweta la baba mtu mzima. Mikono inaning'inia chini ya vidole, shingo inaanguka begani, na upepo unaingia huku na huku. Kisha asubuhi mtoto huyo anachuchumaa kando ya mafiga kuota moto, mikono ile ikining'inia mbele yake. Hapo tumempa hatari pamoja na zawadi.

Basi jambo la kwanza ni kujua sweta limefumwa kwa uzi gani. Chomoa uzi mfupi kutoka mshono wa ndani, uushike kwa koleo au kibanio juu ya sahani, uuwashe kwa kiberiti. Sufu ya kondoo huwaka kwa kusitasita, hunuka kama nywele zilizoungua, na huacha jivu linalosagika kwa vidole. Uzi wa kiwandani, ule wa jamii ya plastiki unaoandikwa acrylic kwenye kitambulisho cha shingoni, huwaka upesi, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu cheusi. Uzi ulioyeyuka hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Tukipata sufu, iende kwa watoto wadogo na kwa wale wa nyumba zenye moto wa kuni ndani. La plastiki nalo lina kazi yake, hukauka upesi na nondo hawalipendi, lakini lazima libane mkononi. Na pasi ya moto isiliguse: likilegea halirudi tena.

Sasa tuje kwenye mkasi. Sote tulifundishwa kwamba nguo hukatwa kwanza, ndipo ishonwe. Kwa kitambaa cha kanga au cha sare ndivyo ilivyo. Sweta halikufumwa hivyo. Ni vitanzi vilivyoshikana, kila kimoja kikimtegemea jirani yake, na ukikata kimoja, vilivyo juu na chini yake huanza kuachia. Ndiyo maana kwa sweta utaratibu hugeuka: shona kwanza, kata baadaye. Masweta mengi mazuri yameharibiwa na mafundi hodari ambao hawakuambiwa jambo hili moja tu, na sweta lililokatwa vibaya halirudi.

Tuchukue mfano wa sweta la mtu mzima lenye urefu wa sentimeta 65 hivi, tumfanyie mtoto wa darasa la kwanza. Fumua mishono ya mabega, uondoe mikono yote miwili. Geuza mwili ndani nje, uutandaze mezani, na juu yake weka sweta lolote linalomtosha mtoto huyo. Pindo la chini la lile dogo lilingane na pindo la chini la kubwa, kwa maana pindo hilo lililofumwa kiwandani hatuwezi kulitengeneza upya kwa urahisi, nasi tunataka kulihifadhi. Ukipima sentimeta 42 au 45 kwenda juu, utaona kwamba shingo ya zamani imebaki nje kabisa, na eneo la shingo mpya ni zima. (Lenye shingo ya V ndefu halifai kwa kazi hii, isipokuwa kwa mtoto mdogo zaidi.) Chora kwa chaki, ukiacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono.

Cherehani nyingi za majumbani kwetu hushona mstari ulionyooka tu. Hazizuii kazi. Weka gazeti chini ya sweta ili meno ya cherehani yasilivute, punguza kidogo ukali wa uzi, ushone juu ya mstari wa chaki mbavuni. Rudia mstari wa pili nusu sentimeta upande wa nje. Sasa chana gazeti, ndipo ukate nje ya mistari yote miwili. Mwenye fundi jirani mwenye ovaloki ampelekee apitishe ukingoni. Asiye na fundi azungushe uzi kwa sindano ya mkono, mshono kwa mshono. Makwapa na shingo hushonwa vivyo hivyo kabla ya kukatwa, ila hapo kila upande peke yake. Begani shonea ndani kipande chembamba cha utepe wa pamba, la sivyo baada ya kufuliwa mara tatu mabega yatakuwa yamefika kwenye viwiko.

Mikono nayo ipunguzwe kutoka juu, kamwe si kutoka chini, ili ule mwisho wenye kuvutika ubaki na kukaa penye kifundo cha mkono. Kwa shingo mpya, fumua ukanda wa shingo ya zamani, uukate uwe robo tatu ya mzunguko wa tundu, na uushone huku ukiuvuta kidogo. Hapa weka cherehani kando. Mshono wake ulionyooka hukatika mara kichwa kinapopita, na kichwa cha mtoto wa umri huo kina mzunguko wa sentimeta 50 na zaidi. Shona kwa mkono, kwa mshono wa kurudi nyuma, usikaze uzi. Ikiwa bado panabana, acha bega moja wazi utie vifungo viwili.

Yako masweta ambayo tunashauri yafumuliwe yote na kufumwa upya, lakini tazama mshono wa ubavuni kabla hujaanza. Kama kingo zake ni nzima, kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, uzi utatoka mrefu bila kukatika. Kama kingo zimekatwa na kupitishwa ovaloki, utapata vijiuzi vifupi vifupi na hasira.

Sweta la sufu lililokwisha kutoboka viwiko lina bahati yake. Litie katika maji ya moto yenye sabuni nyingi, ulisugue na kulipiga bila huruma, kisha katika maji baridi. Magamba madogo ya sufu hushikana, nguo hunywea na kuwa nene, na kuanzia hapo unaweza kuikata bila nyuzi kuachia. Ni kitambaa kizuri cha makoti ya watoto wachanga na cha soksi za kulalia za wazee wetu. Kutoka pindo la chini la sweta lolote laini hupatikana kofia ya mtoto aliyezaliwa: kipande kilichokunjwa chenye upana wa sentimeta 16 na urefu wa 17, kikashonwa na kufungwa juu. Mtoto mchanga hupoteza joto jingi kichwani, hasa aliyezaliwa kabla ya siku zake, na wodi za wazazi hazijapata kutukatalia kofia safi.

Kabla sweta la mtoto halijatolewa, mwenyewe alivae mbele yenu. Anyanyue mikono juu, tumbo lisionekane. Anyooshe mikono mbele kama anayeota moto, muone kwamba hakuna kinachoning'inia. Mabaki ya sufu yawekwe peke yake, yanafaa kushikia sufuria za moto. Ya plastiki yaende kujaza mito, mbali na jikoni.