Somo la Tisa: Ngeli ya Mahali na Likizo ya Mwanachuo Unguja

9.1 Utangulizi

Kwa miaka mingi kisiwa cha Unguja kimekuwa kikiwapokea wageni wanaokwenda kujifunza lugha ya Kiswahili pamoja na utamaduni wa wenyewe. Wapo watokao Marekani na Ulaya katika miezi ya Juni hadi Agosti, miezi ambayo kwao ni likizo ya kiangazi na kwa Waunguja ni majira ya upepo wa kusi. Wengi wamepitia Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ijulikanayo kwa kifupi TAKILUKI, ambayo baadaye iliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Mwanachuo atokaye Bujumbura, Kigali, Kampala au Bukavu si mgeni wa namna hiyo. Yeye huvuka bahari akiwa na Kiswahili chake kinywani, alichokipata sokoni, njiani na darasani kwao. Kazi yake basi ni ngumu zaidi kwa upande mmoja: hana budi kuipima upya lugha ambayo tayari anaitumia. Hapana sehemu ya sarufi inayomdai kazi hiyo kuliko ngeli ya mahali, yaani ngeli ya PA-KU-MU. Katika somo hili tutasoma barua tuliyoitunga kwa ajili ya mafunzo, tutachambua matumizi ya ngeli hiyo, kisha tutajadili swali ambalo mwanachuo anatuachia mwishoni.

9.2 Kifungu cha kusoma

*Wapendwa wenzangu,*

*Nawaandikia kutoka Mji Mkongwe. Hapa nilipo pana baraza ya mawe mbele ya nyumba, na jioni majirani hukaa papo hapo wakazungumza. Chumbani mwangu mna kitanda cha besera na kabati moja. Humo ndimo ninamosomea usiku. Asubuhi natoka nyumbani, napita vichochoroni, nafika darasani saa mbili kasoro robo. Mchana narudi kwa mwenyeji wangu, mama mtu mzima, ambaye huniuliza nimejifunza nini.*

*Siku ya tatu nilimwambia, “Mama, vitabu vimebaki chumbani yangu.” Hakunicheka. Alinijibu taratibu, “Aa, vimebaki chumbani mwako, mwanangu. Chumba ni chako, lakini chumbani ni mwako.” Nimeyaandika maneno hayo kwenye jalada la daftari.*

*Wiki iliyopita tulikwenda Makunduchi kwenye sherehe ya Mwaka Kogwa. Kule kulikuwa na watu wengi mno. Wanaume walipigana kwa mashina ya migomba, na uwanjani palijengwa kibanda cha makuti kikachomwa moto, naye aliyekuwamo akatoka mbio. Wazee wa pale walizungumza lahaja ambayo nusu yake sikuielewa. Hata Unguja, kumbe, Kiswahili si kimoja. Hapa mjini nasikia “ntakuja” na “nshakula”. Kitabu chetu kinasema “nitakuja” na “nimeshakula”. Na bibi yangu kule kwetu anasema “mu nyumba”. Nikirudi na kukabidhiwa darasa, nifundishe kipi?*

9.3 Ufafanuzi wa kisarufi

*(a) Migawanyo mitatu ya mahali.* Kiswahili hutofautisha mahali kwa viambishi vitatu:

PA- huonyesha mahali mahususi, panapojulikana au panapoweza kuonyeshwa kwa kidole: hapa, hapo, pale.

KU- huonyesha mahali pasipo mahususi, eneo kwa jumla, au upande ambako mtu anaelekea: huku, huko, kule.

MU- huonyesha mahali pa ndani: humu, humo, mle.

Tukirudi kwenye barua, tunaona kwamba mwandishi alisema “hapa nilipo pana baraza” kwa kuwa baraza iko mbele ya macho yake. Alisema “kule kulikuwa na watu” kwa kuwa alikuwa akiizungumzia Makunduchi kwa jumla, akiwa mbali nayo. Lakini katika kijiji hichohicho, alipofika kwenye kibanda, alisema “uwanjani palijengwa”, kwa sababu kibanda kilikuwa mahali pamoja panapoonekana. Hivyo mahali pamoja paweza kutajwa kwa PA- au kwa KU-. Kinachoamua ni jinsi msemaji anavyopaona, wala si ramani.

*(b) Kazi ya kiambishi tamati -ni.* Maneno ya mama mwenyeji, “chumba ni chako, lakini chumbani ni mwako”, yana kanuni nzima ya somo hili. Nomino *chumba* imo katika ngeli ya KI-VI, na vipatanishi vyake ni vya ngeli hiyo: chumba changu, chumba hiki, chumba kimefungwa. Ikishapachikwa -ni, nomino hiyo huhama. Haihesabiwi tena kuwa kitu, imekuwa mahali. Ikihama, hufuatwa na vipatanishi vyake: chumbani mwangu, chumbani humu, chumbani mmefungwa.

Tungo \*chumbani yangu (tunatumia nyota kuonyesha tungo isiyokubalika katika Kiswahili sanifu) ina kasoro mbili kwa wakati mmoja. Haikufuata ngeli ya KI-VI, wala haikufuata ngeli ya mahali. Kiambishi *y-* kimetoka wapi? Katika Kiswahili cha bara, wasemaji wengi huvitumia vipatanishi vya ngeli ya I-ZI kwa karibu nomino zote zisizotaja watu, wakasema \*kitabu yangu na \*mti yangu. \*Chumbani yangu na \*shuleni yetu ni matunda ya mti huohuo. Mwalimu akilijua hilo, hatasahihisha neno moja moja, ataushughulikia mzizi.

*(c) Mipaka ya -ni.* Kiambishi hiki hakipachikwi kila mahali. Tuzingatie mambo manne:

1. Hakitumiki pamoja na *katika* kwa nomino ileile. Twasema *katika chumba* au *chumbani*, wala si \*katika chumbani.

2. Nomino inapofuatwa na kivumishi cha sifa kinachokieleza kitu chenyewe, huachwa bila -ni: *katika chumba kikubwa*, wala si \*chumbani kikubwa. Hapa tunasifu ukubwa wa chumba, nacho lazima kibaki katika ngeli yake.

3. Hakipachikwi kwenye majina maalumu ya mahali. Tunakwenda *Unguja*, *Gitega* au *Mbarara*, bila kuongeza kitu.

4. Hakipachikwi kwenye majina ya watu. Mwanachuo wetu alirudi *kwa mwenyeji wangu*. Vivyo hivyo mgonjwa huenda *kwa daktari*.

*(d) Virejeshi -po, -ko, -mo.* Migawanyo ileile mitatu hujitokeza katika vitenzi: *nilipokaa*, *nilikotoka*, *ninamosomea*. Hujitokeza pia baada ya viambishi vya nafsi: *yupo*, *yuko*, *yumo*. Katika barua, neno *aliyekuwamo* lina virejeshi viwili: *-ye-* kinachomrejelea mtu, na *-mo* kinachorejelea ndani ya kibanda. Silabi hiyo moja ya mwisho ndiyo inayotueleza kwamba mtu yule alikuwa ndani ya moto. Ikiondolewa, kisa kizima hudhoofika.

9.4 Lugha zetu za nyumbani

Baadhi ya walimu huamini kwamba lugha ya mama ni kizuizi cha Kiswahili. Kwa ngeli ya mahali, imani hiyo haina msingi. Mwanafunzi wa Kirundi au Kinyarwanda husema *mu nzu* na *ku meza*. Wa Kiganda husema *mu nnyumba* na *ku mmeza*. Mgawanyo wa ndani na nje ya ndani umo kichwani mwake tangu utotoni. Hata PA- anayo: Mrundi na Mnyarwanda husema *hano*, Mganda husema *wano*, nasi twasema *hapa*. Sauti ya mwanzo imebadilika, ukoo ni mmoja.

Tofauti kubwa zipo mbili. Kwanza, lugha hizo huweka kiambishi mbele ya nomino, ilhali Kiswahili sanifu huweka -ni nyuma, kisha hukiachia kipatanishi kazi ya kueleza kama ni ndani, hapo au kule. Kiswahili cha Kongo, kinachosema *mu nyumba* na *ku soko*, kimeufuata utaratibu wa lugha jirani. Hicho si Kiswahili kisicho na sarufi. Kina sarufi yake, ambayo si ile ya Kiswahili sanifu.

Pili, upatanisho wa kitenzi hautofautiani kwa namna moja katika lugha zote. Mganda husema *mu nnyumba mulimu abantu*, akirudia *mu-* kwenye kitenzi, kama Kiswahili kisemavyo *nyumbani mna watu*. Mnyarwanda husema *mu nzu harimo abantu*: mbele ya kitenzi huweka *ha-* hata anapotaja mahali pa ndani, na Kirundi hufanana nacho. Kwa hiyo mwalimu wa Kampala na mwalimu wa Kigali hawana budi kupanga mazoezi tofauti. Wa kwanza aweza kuanza na *mna* kwa kulinganisha moja kwa moja. Wa pili atarajie wanafunzi wake kutumia kiambishi kimoja kwa kila mahali, naye awape mazoezi mengi zaidi ya *pana*, *kuna* na *mna* yakiwa bega kwa bega.

9.5 Swali la mwanachuo: nifundishe kipi?

Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, yaani lahaja ya mjini Unguja. Uamuzi huo ulifikiwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kazi ya kusanifisha. Tangu hapo sanifu na Kiunguja vimeendelea kila kimoja kwa njia yake. Mwanachuo akitoka Unguja akawafundisha watoto kuandika *ntakuja* na *nshakula*, kwa kuwa ndivyo alivyosikia kwa wenyewe, atakuwa amechanganya mazungumzo na maandishi. Tena atawasikia Waunguja wakijibu *hamna* hata pasipo habari ya ndani ya kitu: “Una chenji?” “Hamna.” Matumizi hayo ni ya kawaida katika mazungumzo, lakini darasani *hamna* lifundishwe kwanza kama kikanushi cha *mna*, ili mgawanyo wa PA-KU-MU usivurugike kabla haujatulia.

Tunapendekeza mwanachuo ayapange aliyojifunza katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ya kufundishwa na kudaiwa katika maandishi: hii ndiyo sarufi sanifu, ambayo mwanafunzi atatahiniwa kwayo. Haja yake inazidi kukua katika nchi zetu. Rwanda, kwa mfano, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Fungu la pili ni ya kutambuliwa: *skuli* ya Unguja kwa *shule*, *ntakuja* kwa *nitakuja*. Mwanafunzi ayaelewe anapoyasikia, asilazimishwe kuyatumia. Fungu la tatu ni ya kuheshimiwa: lugha ya nyumbani kwa mwanafunzi, ikiwamo *mu nyumba* ya bibi.

Fungu hili la tatu ndilo linalopuuzwa, na hasara yake ni kubwa. Mtoto akisema *mu nyumba*, mwalimu akamwambia mbele ya wenzake kwamba hiyo si lugha, mtoto hujifunza mambo mawili: kwamba bibi yake hajui kusema, na kwamba darasani ni salama zaidi kunyamaza. Anayenyamaza hafundishiki. Mwalimu na aseme, “Nyumbani mnasema *mu nyumba*, katika Kiswahili sanifu tunasema *nyumbani mwetu*. Nani atatunga sentensi?” Hapo mtoto amepewa lugha ya pili bila kunyang’anywa ya kwanza.

Tuangalie tena alivyofanya mama mwenyeji. Hakumkatiza mgeni, hakumcheka, wala hakutaja neno “kosa”. Alilirudia umbo sahihi ndani ya jibu, kisha akatoa kanuni kwa sentensi moja fupi. Mwanachuo alikwenda Unguja kutafuta sarufi. Alipata pia namna ya kuifundisha.

9.6 Mazoezi

1. Orodhesha maneno yote ya barua yenye kiambishi -ni cha mahali. Kwa kila moja, tunga sentensi yenye kimilikishi kinachopatana nalo.

2. Sahihisha, kisha eleza kanuni iliyovunjwa: (a) \*Shuleni yetu iko na walimu wengi. (b) \*Wageni wamelala katika chumbani. (c) \*Tulikaa darasani kikubwa. (d) \*Mama amekwenda daktarini.

3. Eleza tofauti ya maana: *Yupo sokoni; yuko sokoni; yumo sokoni.*

4. Soma methali hizi: *Penye nia pana njia. Penye miti hapana wajenzi. Kuishi kwingi ni kuona mengi.* Katika methali mbili za kwanza, PA- ni kipatanishi cha mahali. Je, *kw-* katika *kwingi* nacho ni cha mahali? Thibitisha jibu lako kwa kutaja neno linalopatana nacho.

5. Andika sentensi tano za mahali katika lugha yako ya nyumbani, uzitafsiri kwa Kiswahili sanifu, kisha ueleze kiambishi kimehamia wapi.

6. Mwanafunzi wako amesema mbele ya darasa, “Daftari langu iko mu mfuko.” Andika maneno utakayomjibu, kwa ukamilifu, kama utakavyoyatamka. Wasomeeni wenzenu majibu yenu, kisha mjadili: ni jibu lipi litakalomfanya mwanafunzi huyo anyooshe mkono tena kesho?