Tugawane Msimbo, Siyo Mafaili
Tukipewa mradi wa programu, wengi tunagawana mafaili kwa hesabu ya vichwa: wewe matatu, mimi matatu. Usiku wa kuamkia kuwasilisha, mmoja anarekebisha kitu kidogo tu, mradi mzima unagoma.

Mwaka 1972 David Parnas alieleza kigezo bora: kila sehemu ya msimbo ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika baadaye. Chukua Moodle, iliyotoka 2002. Majaribio yana folda yake, mwonekano una yake, na namna ya kuingia kwenye akaunti ina yake. Chuo kikibadilisha rangi za tovuti, alama zenu haziguswi.

Basi kabla ya kugawana kazi, jiulizeni: hiki kikibadilika, tutafungua mafaili mangapi? Mkiona ni mengi, gaweni upya.