Kuchagua Gitaa la Kwanza: Somo kwa Vijana na Wazee wa Sharika

Baada ya mavuno ya alizeti vijana wengi wa sharika zetu za Singida na Iramba huwa na fedha kidogo mkononi, nao hutujia wakiuliza: Tununue gitaa gani? Swali hili si dogo. Kijana auzaye mbuzi wawili akapata ala isiyoshikika, huipiga majuma machache, kisha huitundika ukutani, na watu husema, Tazameni, hana bidii. Kumbe bidii alikuwa nayo. Ala ndiyo iliyomshinda.

Wako wazee walionao gitaa kuwa chombo cha vilabuni tu. Tusiwadharau, maana wamewaona vijana waliopotelea huko. Lakini Daudi alipiga kinubi mbele ya Sauli, kama tusomavyo katika 1 Samweli 16, na Martin Luther mwenyewe alipiga luti, ala ya nyuzi iliyotokana na udi, ndugu ya huo upigwao katika taarabu ya Unguja. Tena jirani zetu Wagogo wana zeze, ambalo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha masikioni mwa watu wa Ulaya. Aliyezoea zeze tangu utoto tayari ana sikio; amebakiza kuvifundisha vidole.

Basi, gitaa la umeme kwaya zetu nyingi zalijua. Nyuzi zake ni laini, lakini alinunuaye hana budi kununua na kipaza sauti, na umeme ukikatika halisikiki. Kwa maoni yetu hilo lafaa liwe mali ya kwaya, si la mwanafunzi wa kijijini.

Yabaki magitaa ya mbao matupu. Lenye nyuzi za chuma lina sauti kali yenye kufika mbali, lakini huviumiza vidole vya mgeni, na shingo yake ni nyembamba, yapata milimita 43 pale juu. Lenye nyuzi za nailoni lina sauti ya upole, na shingo pana, yapata milimita 52, hata vidole visigongane. Zamani, kabla ya miaka ya 1940, nyuzi za namna hii zilitengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Sisi twamshauri mwanafunzi aanze na nailoni, isipokuwa yule aliyekusudia hasa kuongoza nyimbo mbele ya watu wengi. Huyo achukue chuma, ila nyuzi nyembamba. Mtoto mdogo atafutiwe gitaa la robo tatu. Na mtu asithubutu kufunga nyuzi za chuma katika gitaa la nailoni ili kuongeza sauti! Mvuto wa chuma ni mkubwa mno, nao waweza kung'oa kile kibao zifungwapo nyuzi.

Ufikapo dukani usivutwe na rangi. Kwanza lishike gitaa utazame shingo yake kwa urefu, jicho moja limefumbwa, kama mchonga mishale atazamavyo uti wa mshale. Ikiwa imejipinda kama upinde au imejisokota, liache. Kisha hesabu vile vyuma vidogo vilivyokingama shingoni hata cha 12, utazame nafasi iliyopo kati yake na nyuzi. Ikizidi milimita 4, vidole vitateseka bure. Piga uzi ukiwa wazi, kisha uubane penye chuma hicho cha 12 na kuupiga tena: yapasa kusikika sauti ile ile, ila ya juu kwa daraja nane. Isipolingana, gitaa hilo halitapatana na sauti za waimbaji kamwe, hata ukalikaza siku nzima. Mwisho gusa kila uzi penye kila chuma, usikilize kama wavuma kama nyuki. Mwenye duka akikukataza kufanya haya, nenda kwa mwingine. Usiyejua kupiga, nenda na ajuaye.

Nchi yetu ni kavu. Kiangazi chetu huanza yapata mwezi wa Mei, nao hufika Novemba, na mbao hupasuka kwa ukavu, na gundi huachia kwa joto. Kwa hiyo gitaa lisilazwe juu ya dari chini ya bati, wala lisiegemezwe ukuta upigwao na jua. Litiwe mfukoni, pamoja na kijikopo kilichotobolewa chenye kitambaa cha unyevu kidogo. Si cha kudondoka maji.

Kulinganisha nyuzi sita kwa sikio ni kazi ya miezi. Siku hizi simu yaweza kusaidia, na tusione haya kuitumia. Tena fedha zote zisiishie katika gitaa. Ibaki akiba ya nyuzi, maana ule uzi mwembamba kuliko yote hukatika upesi, na mara nyingi hukatika Jumamosi jioni.