Ukihama, TV Isilale

Simama asubuhi nje ya duka la vioo na aluminiamu, uangalie mzigo unavyopakiwa. Vioo vya madirisha havilazwi. Vinasimamishwa kwa ubavu, vinaegemezwa kwenye fremu ya mbao iliyofungwa juu ya pikapu, vinatenganishwa kwa vipande vya maboksi, ndipo kamba inapitishwa. Hakuna anayeuliza kwa nini. Lakini mtu huyohuyo akihama nyumba, TV yake ya inchi 55 ataitandika chali juu ya godoro, juu yake ataweka mto, na juu ya mto beseni la vyombo.

Mimi nilifanya hivyo. Tulikuwa tunahama kutoka Temeke kwenda Goba, na kijana mmoja wa kubeba mizigo akaniambia, "Bosi, tukiilaza kwenye godoro itakaa kama yai." Nikaona ana akili. TV haikuanguka, haikugongwa, haikunyeshewa. Jioni tulipoiwasha, upande wa kushoto ulikuwa picha, upande wa kulia mistari ya rangi, na katikati doa jeusi limetandaa kama wino uliomwagika kwenye daftari. Ukipitisha kidole juu hukuhisi ufa wowote. Ufa ulikuwa ndani. Fundi hata hakuifungua. Alimulika tochi kwa ubavu, akanionyesha mstari mwembamba kama unywele, akasema, "Mzee, kioo chake kinakaribia bei ya TV mpya. Nunua nyingine."

Tumezoeshwa vibaya na TV za chogo. Zile zilikuwa na kioo kinene cha mbele, kizito kuliko sehemu nyingine zote, na ukizilaza kifudifudi juu ya mto hazikulalamika. TV bapa ni kitu kingine kabisa. Ndani yake kuna karatasi mbili za kioo, kila moja haifiki unene wa milimita moja, na katikati yake kimiminika kinachoongoza mwanga. Nyuma ya hapo kuna karatasi za kusambaza mwanga, kisha taa, kisha bati. Ikisimama, uzito wa kioo unabebwa na ukingo wa chini, kama ukuta unavyobebwa na msingi. Ikilala, katikati hakuna kinachoshika. Kila tuta linalorukwa, kile kioo kinabonyea na kurudi, kinabonyea na kurudi. Za OLED ni nyembamba zaidi, nazo ndizo za kuogopewa kuliko zote.

Kwa hiyo TV nyingi zinazokufa siku ya kuhama hazikuanguka. Zimepindwa, au zimebanwa. Kila hatua iliyo hapa chini ni ya kuzuia mambo hayo mawili.

Hatua ya kwanza: pima, kabla hujaita gari

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi ni za kona hadi kona. TV ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 au 123 na kimo cha 70 hivi bila miguu. Ya inchi 65 ina upana wa sentimita 145 na kimo cha 83 hivi. Chukua futi kamba, upime yako, uandike.

Namba hizo zinaamua gari. Kirikuu ni kigari kilichotengenezwa Japani kwa sheria inayobana upana wake wote usizidi mita 1.48, kwa hiyo bodi lake kwa ndani ni kama mita 1.4 tu. TV ya inchi 65 haiingii kwa kukingama. Itakaa kwa urefu wa gari, na huko ndiko inakotakiwa kukaa hata hivyo. Noah iliyotolewa viti vya nyuma inabeba inchi 55 imesimama bila shida, tena haina hofu ya mvua. Inchi 43 itasimama kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo, kioo kikitazama mgongo wa kiti, blanketi katikati, mkanda umepita kiunoni. Bajaji na bodaboda sitazizungumzia.

Hatua ya pili: iwashe, uipige picha

Kabla ya kugusa waya wowote, washa TV, weka picha nyeupe tupu, upige picha ya kioo kizima kwa simu. Waite na vijana wa kubeba mizigo waione inavyofanya kazi. Si kwamba huwaamini. Ni kwamba jioni, kukiwa na mstari, hamtakuwa na la kubishania. Halafu piga picha ya nyuma, waya zikiwa bado zimechomekwa. Wiki ijayo utaishukuru picha hiyo, wakati king'amuzi hakionyeshi kitu na umesahau kilikuwa kwenye tundu lipi la HDMI.

Kisha zima, chomoa kila kitu, na usisahau flashi ya nyimbo iliyochomekwa pembeni tangu Krismasi. Flashi ikigongwa haivunjiki peke yake, inaondoka na tundu lake. Rimoti, waya wa umeme na skrubu vitie kwenye mfuko mmoja wa nailoni, na mfuko huo usafiri mkononi mwako.

Hatua ya tatu: ishushe

Hapa ni watu wawili. Inchi 65 ina kilo 20 hadi 25, na mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kuinyanyua, lakini hawezi kuinyanyua bila kukishika kioo kwa vidole au kukiegemeza kifuani. Hapo ndipo kinapobanwa.

Ikiwa iko ukutani, tazama kwanza chini ya chuma kinachoishikilia: mara nyingi kuna vikamba viwili au skrubu mbili ndogo za kufungia. Fungua hizo, mmoja akae kulia na mwingine kushoto, inueni kwenda juu kidogo ndipo muivute kuja kwenu. Anayevuta kabla ya kuinua atang'oa plasta. Zile skrubu nne zinazoshika chuma nyuma ya TV zisichanganywe na nyingine za nyumba. Zina vipimo vyake, M6 au M8 kwa TV kubwa nyingi, na ukirudishia iliyo ndefu kuliko ya awali inaweza kupenya hadi kwenye sakiti.

Miguu nayo itolewe, maana TV isisafiri ikiwa imesimamia miguu yake. Mmoja aishike imesimama juu ya meza yenye blanketi, mwingine alegeze skrubu kwa bisibisi. Kama kitabu chake kinataka ilazwe kifudifudi ili kutoa miguu, ilaze juu ya meza bapa yenye blanketi, kioo chote kikiwa kimeshikwa, kwa dakika zile tano za kazi. Kitanda kinachobonyea katikati hakifai.

Hatua ya nne: ivishe

Boksi lake la mwanzo, pamoja na lile povu gumu jeupe la kwenye kona, ndilo vazi bora. Kama lipo juu ya kabati, bahati yako. Wengi wetu tulishalitumia kuwekea vitabu.

Kama halipo, anza na shuka safi la pamba. Likung'ute nje kwanza, chembe moja ya mchanga inatosha kuchora kioo kizima. Usibandike selotepu kwenye kioo, wala usikizungushie nailoni ya kuvuta moja kwa moja, kwa sababu nailoni ikikazwa inabana. Juu ya shuka, blanketi. Juu ya blanketi, upande wa kioo, karatasi ngumu ya boksi la friji au la jiko iliyokatwa kwa ukubwa wa TV yenyewe. Boksi hili ndilo litakalopokea kiwiko cha mtu, mguu wa meza, kona ya kabati. Omba dukani, wanayatupa.

Kona nne ndizo zinazogonga milango. Kandambili kuukuu zilizokatwa vipande, vikafungwa kwenye kona kwa selotepu pana juu ya boksi, ni kinga nzuri kuliko taulo, kwa sababu hazihami mahali. Mwisho chukua kalamu nene, andika KIOO upande wa mbele na mshale wa kuonyesha juu. Andika kwa herufi kubwa. Mtu aliyeshusha magunia tangu alfajiri hana muda wa kukisia.

Hatua ya tano: ibebe na uipakie

Mikono miwili iwe chini ya ukingo, mmoja kila upande, na mkono mwingine ukisimamisha juu. Kwenye ngazi, mwenye nguvu akae chini, na anayetangulia atembee kinyumenyume akiongozwa kwa mdomo: "ngazi, ngazi, kona, mlango". Watoto na mbwa wawe wameshatolewa njiani.

Ipakie karibu ya mwisho, ili iwe ya kwanza kushuka. Itasimama kwa ukingo wake wa chini juu ya blanketi au sponji, kwa urefu wa gari. Kwa nini urefu? Dereva akifunga breki ghafla, mzigo wote unasukumwa mbele. TV iliyokaa kwa urefu inasukumwa kwa ubavu wake, ambao ni mgumu. Iliyokingama inasukumwa kwa uso.

Magodoro sasa yana kazi. Godoro la tano kwa sita lina sentimita 152 kwa 183, linaifunika hata TV ya inchi 65 na kubaki. Simamisha kabati au mbao za kitanda upande mmoja, godoro lifuate, kisha TV kioo chake kikitazama godoro hilo, kisha godoro jingine nyuma yake. Kamba ipite juu ya magodoro, isipite juu ya TV. Ikaze hadi mzigo usicheze, ukiona godoro linaanza kubonyea legeza. Kisha turubai, hata kama jua linawaka. Dar mvua haipigi hodi.

Na hapa utasikia lile neno. "Bosi, tuilaze tu, itakaa vizuri." Jibu liwe fupi na la upole: "Hapana dogo, inasimama." Wakisema gari limejaa, ishushwe, irudiwe kwa safari ya pili. Nimeshaona watu wakibishana juu ya nauli ya safari ya pili, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Nauli hiyo haifiki hata robo ya kioo.

TV inayokwenda mkoani kwa basi inahitaji zaidi ya haya. Mwite seremala aitengenezee kreti: fremu ya mbao za mbili kwa mbili na plaiwudi pande zote mbili. Kwenye buti la basi mizigo ya watu inapangwa usiku na kupangwa upya kila kituo, na kitu bapa kisicho na kreti lazima kitageuka sakafu ya masanduku.

Njiani, kaa mbele na dereva. Matuta makubwa hayana shida sana, kila dereva hupunguza. Zinazoumiza ni rasta, zile ndogondogo za mfululizo, ambazo madereva wengi huzipita kwa kasi ili wasizisikie. Mwombe azipite taratibu. Mtikisiko ule hulegeza vifuniko vidogo vya plastiki vilivyogundishwa juu ya taa za ndani. Vikidondoka, utaona kwenye picha vidoa vyeupe vya mviringo kama mwezi mpevu. Vifuniko hivyo fundi anaweza kuvirudishia kwa gundi kwa gharama ndogo, lakini lazima akitoe kioo kwanza, na vioo vingi huvunjikia hapo mezani kwake.

Hatua ya sita: umefika

Ishuke kwanza, iingie chumba ambacho hakipitwi na watu, isimame ikitazama ukuta. Kama mmehama mtaa hadi mtaa, ivue na uiwashe vijana wakiwa bado wapo. Lakini kabla ya umeme, imulike kwa tochi kutoka ubavuni, ukitafuta ule unywele. Kama imetoka kwenye baridi, tuseme Njombe au Lushoto, na imeingia joto la pwani, iache saa kadhaa bila kuiwasha. Unyevu hutanda ndani kama unavyotanda kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na umeme haupatani na maji.

Usiuamini pia umeme wa nyumba ngeni. Chomeka kwanza taa ya mezani kwenye soketi hiyo, uangalie kama inafifia na kupanda. Ikifanya hivyo, TV isubiri fundi umeme, au angalau ipitie kwenye stebilaiza.

Na kuitundika ukutani, si leo. Mmechoka, hamjui waya za umeme zimepita wapi ndani ya ukuta, na drili haijulikani iko kwenye boksi gani. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku isikilizeni redioni.