Somo la Afya: Mwanamume Asiyetahiriwa na Matumizi ya Kondomu

Mwezi huu twataka kueleza jambo ambalo wengi huliona haya kuliuliza, na kwa kutokuuliza hupata madhara. Ni habari ya mwanamume asiyetahiriwa, jinsi impasavyo kuvaa kondomu ili imkinge yeye na mkewe. Twawaandikia watu wazima, waliooana na wanaotazamia kuoana. Viungo vya mwili tutavitaja kwa majina yake, maana somo la afya lipitalo kando kando halimfai msomaji.

Hapa Tanzania ziko sehemu ambazo tohara haikuwa desturi ya wazee: kwa Wahaya wa Kagera, kwa Wasukuma, na katika sehemu kubwa ya nyanda za juu za kusini. Wala tohara si sharti la imani. Shauri hilo lilikatwa na Mitume kule Yerusalemu, nasi hatulirudii. Lakini maelezo yaliyopigwa chapa juu ya pakiti ya kondomu ni mafupi, na mtu mwenye govi akiyafuata pasipo kufahamu sababu zake, aweza kukosea.

Na kosa hilo si dogo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu hapo ziko nyumba nyingi ambamo mmoja wa wenye ndoa ana virusi na mwenziwe hana. Tuseme mke amepimwa zahanati, akaonekana anavyo, naye ameanza dawa juzi tu. Dawa hizo zikimezwa kila siku hushusha virusi hata kipimo kisivione tena, na mtu aliyefikia hali hiyo na kudumu nayo haambukizi kwa kujamiiana. Walakini kufika huko huchukua miezi. Katika miezi hiyo kondomu ni ukuta mkubwa kati ya mume na ugonjwa, naye apaswa kujua kuutumia. Wengine huitumia kwa sababu nyingine, yaani kupumzisha mimba, au kujikinga na kaswende na kisonono.

Govi ni ngozi ya namna gani? Ni ngozi iliyokunjwa mara mbili, tabaka la nje na tabaka la ndani, nayo haikushikamana na kichwa cha uume kwa mtu mzima, bali husogea mbele na nyuma. Kusogea huko ndiko kunakoleta shida. Mtu akivaa kondomu huku govi limefunika kichwa, mpira hushika govi tu. Wakati wa tendo govi hurudi nyuma, nao mpira huvutwa pamoja nalo. Hujikunja, hubana mahali pamoja na kulegea mahali pengine, na mwisho waweza kupasuka au kuvuka wote na kubaki ndani ya mwanamke.

Basi, kwanza mume atazame tarehe ya mwisho iliyochapwa pakitini, na kuibonyeza kidogo kwa vidole: ikiwa hewa imo ndani, pakiti haijatoboka. Aifungue kwa vidole, si kwa meno wala kwa wembe. Uume uwe umesimama kabisa, na kondomu ivaliwe kabla haujamgusa mwanamke mahali pa siri, si katikati ya tendo, kwa kuwa maji yatanguliayo yaweza kuwa na virusi.

Ndipo alirudishe govi nyuma taratibu, mpaka kichwa kiwe wazi. Aibane ile chuchu ya kondomu kwa vidole viwili, isikae hewa, aiweke juu ya kichwa na kuanza kuikunjua. Ikikataa kukunjuka, ameiweka kinyume. Hapo asiigeuze na kuitumia hiyo hiyo, maana upande wa nje umekwisha kugusa mwili wake; aitupe, achukue nyingine.

Sasa twafika penye jambo ambalo wengi hawakuambiwa. Govi lililorudishwa nyuma hutaka kurudi mahali pake. Mpira ukilibana kwa nguvu huko nyuma, ngozi hukaza, tendo huwa na maumivu, na mpira nao huvutwa. Kwa hiyo, akiisha kukunjua sehemu kubwa ya kondomu, aushike uume pamoja na ile sehemu iliyokwisha kuvaliwa, aisukume ngozi mbele kidogo kuelekea kichwani, kisha amalize kukunjua mpaka shinani. Akifanya hivyo govi lapata nafasi ya kusogea ndani ya kondomu, wala haliivuti. Mazoezi haya ni afadhali yafanywe mchana, mtu akiwa peke yake, kuliko kujifunza gizani kwa haraka.

Kuhusu vilainishi, vya maji vyafaa. Mafuta ya nazi, samli, vaselini na mafuta ya kupaka mwilini havifai hata kidogo kwa kondomu za mpira wa asili, maana huudhoofisha kwa dakika chache tu ukapasuka. Wala mtu asivae mbili pamoja akidhani ameongeza ulinzi.

Baada ya kumwaga manii, mume asikawie ndani. Ashike ukingo wa kondomu shinani na kutoka wakati uume ungali umesimama. Aifunge fundo, aitupe chooni kama ni choo cha shimo, au aifunge katika karatasi na kuitia takatakani mahali ambapo watoto hawataiokota. Kisha alirudishe govi mbele lifunike kichwa kama kawaida. Hili lisisahauliwe. Govi likibaki nyuma huweza kuvimba na kubana kichwa kama pete iliyokaza, damu isipite vema. Likikataa kurudi, aende hospitali siku ile ile.

Wako pia wanaume ambao govi lao halirudi nyuma kabisa, au hurudi kwa maumivu. Hao wasilazimishe, maana litachanika na kufanya kovu, nalo kovu huzidi kukaza. Wamwone daktari, yako mafuta ya dawa ambayo huilainisha ngozi, na yasipofaa uko upasuaji mdogo. Wengine wote na waoshe chini ya govi kila siku kwa maji, maana uchafu mweupe hukusanyika hapo na kuleta harufu na vidonda.

Kondomu hufaa kadiri inavyotumiwa. Kati ya wanawake 100 ambao waume wao huitumia sawasawa kila mara, wapatao mimba katika mwaka ni kama 2. Kwa matumizi ya kawaida ya watu, yenye kusahau na kukosea, ni kama 13. Tofauti hiyo yote ni ya mikono.

Huenda msomaji akauliza, Je, si afadhali kutahiriwa tu? Utafiti uliofanyika Orange Farm huko Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda ulionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa kadiri ya 60 katika 100. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi Machi 2007, na baadaye Tanzania ikaanza kuitoa katika mikoa kama Iringa na Kagera. Atakaye na aende, ni jambo jema. Lakini 60 si 100, kwa hiyo aliyetahiriwa angali na haja ya kondomu. Tena jeraha lataka muda wa kupona: mume na mke wajizuie majuma sita, hata kama ngozi yaonekana imekwisha kufunga, maana kidonda kibichi ni mlango wazi kwa virusi.